Nani kasema lazima ukimbilie katikati?

Kuna sheria moja ambayo kila anayefundishwa sataranji, au chesi kama wengi wetu tunavyoiita, huimbishwa siku ya kwanza: shika katikati ya ubao. Sogeza askari wa mfalme miraba miwili hadi e4, toa farasi, toa askofu, mfiche mfalme, kisha shambulia. Ukianza kwa namna nyingine unatazamwa kama mtu aliyekwenda harusini na kandambili.

Leo nataka kubishana na sheria hiyo. Naomba nieleweke tangu mwanzo: sisemi kwamba katikati haina maana. Katikati ndiyo moyo wa ubao, na asiyeijali atapigwa tu, leo au kesho. Ninachobishia ni ile tafsiri kwamba kuijali katikati maana yake ni kuijaza askari wako mapema, kabla hujajua mwenzako anataka nini. Kuna njia ya pili, ina umri wa zaidi ya miaka 100, imewaangusha mabingwa wa dunia, na bado wengi wetu tunaifundisha kama kichekesho, kama tunaifundisha kabisa. Njia hiyo ni kufungua mchezo kutokea pembeni.

Kwa wasioujua mchezo vizuri, tuwekane sawa kwanza. Ubao una miraba 64. Katikati yake ni miraba minne: d4, e4, d5 na e5. Mwenye kete nyeupe ana hatua 20 za kuchagua anapoanza. Wengi huchagua e4 au d4, yaani wanapanda katikati moja kwa moja. Sasa tazama anayeanza kwa kumpeleka farasi f3. Farasi yule anaichungulia d4 na e5. Kisha askari anakwenda c4, anaibana d5. Kisha askari mmoja anasogea g3, na askofu anakaa g2, kwenye kile ambacho wachezaji wanakiita fianketo. Kutoka pale anapiga mstari mrefu wa mshazari unaopita e4 na d5. Akitaka, anafanya vivyo hivyo upande wa pili: askofu b2, macho yake kwenye d4 na e5.

Hesabu mwenyewe. Miraba yote minne ya katikati inalindwa, na hakuna hata askari mmoja aliyeikanyaga. Ni kama mtu anayelisimamia soko akiwa ghorofani, madirisha wazi, badala ya kusimama katikati ya msongamano akisukumwa na kila mwenye mzigo.

Ufunguzi wa askari c4 unaitwa wa Kiingereza kwa sababu Mwingereza Howard Staunton aliutumia mwaka 1843 mjini Paris katika pambano lake na Mfaransa Saint-Amant, pambano ambalo Staunton alishinda. Ule wa farasi f3 pamoja na c4 unabeba jina la Richard Réti, na huyu ndiye mtu wangu wa leo.

Réti alizaliwa mwaka 1889 Pezinok, mji ambao wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria na sasa uko Slovakia. Alikua katika zama ambazo sataranji ilikuwa na walimu wakali. Mjerumani Siegbert Tarrasch alikuwa ameyageuza mafundisho ya Steinitz kuwa kama sheria za shule: askari wako katikati, vipande vyako wazi, nafasi kubwa kuliko ya mwenzako, basi. Réti, Aron Nimzowitsch na wenzao wachache wakauliza swali ambalo kila kijana humuuliza mzee: kwa nini? Askari aliyesimama katikati ni nguvu, sawa, lakini si pia shabaha? Si lazima alindwe? Na vipande vinavyomlinda, si vimefungwa naye? Wakaitwa wanausasa wa kupindukia. Réti aliandika kitabu juu ya mawazo hayo mapya mwaka 1922, na Nimzowitsch akatoa chake, Mein System, mwaka 1925.

Vitabu peke yake havimtoi mtu jasho. Ushahidi ulikuja New York, machi 1924. Mashindano yale yalikuwa na wachezaji 11, kila mmoja akicheza na mwenzake mara mbili. Miongoni mwao alikuwa José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia tangu 1921, mtu ambaye hakuwa amefungwa mchezo rasmi tangu 1916. Miaka minane, wajameni! Tarehe 22 machi akakutana na Réti. Réti akaanza: farasi f3, askari c4, askari b4, askofu b2, askari g3, askofu g2, mfalme ndani.

Nimeurudia mchezo huu mara nyingi, na kinachonivutia ni saa za askari wa katikati. Askari wa malkia aligusa d3 katika hatua ya 8, na hakufika d4 mpaka hatua ya 16. Askari wa mfalme alikaa nyumbani mpaka hatua ya 15, na hata hapo alisogea mraba mmoja tu, e3. Wakati huo wote Capablanca ndiye aliyekuwa akipanda: e5, kisha c5. Kwa macho ya shule ya zamani, bingwa alikuwa anafanya kila kitu sawasawa. Lakini ngome ya Réti ilikuwa imekaa d1 tangu hatua ya 11, ikingoja mstari ufunguke. Ulipofunguka, kila kipande cheupe kilikuwa tayari mahali pake. Hatua ya 23 ngome ile ikamla askari wa d6. Hatua ya 31 Capablanca akasalimu amri.

Anayedhani ile ilikuwa bahati atazame mchezo wa Réti na Bogoljubow kwenye mashindano yale yale, mchezo uliopewa tuzo ya kwanza ya uzuri. Mwanzo ni ule ule: farasi f3, c4, g3, askofu g2, b3, askofu b2. Lakini safari hii Réti alipiga d4 hatua ya 8 na e4 hatua ya 15. Baada ya hapo ubao uliwaka moto, na Bogoljubow hakufika hatua ya 26. Kwa hiyo anayeniambia kwamba ufunguzi wa pembeni ni mchezo wa wazee wanaosinzia, namwomba aanzie hapo.

Sasa tuingie kwenye mawazo yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Mimi nayaona matatu.

La kwanza ni kutunza siri. Kila askari anaposogea anasema neno lisilofutika, kwa sababu askari harudi nyuma. Farasi anaweza kurudi, askofu anaweza kurudi, askari hawezi. Anayesogeza e4 ameshajitangaza. Anayemtoa farasi f3 hajajifunga: anaweza kwenda d4, c4, g3, b3, hata e4 baadaye akianza na d3. Mwenye kete nyeusi ndiye analazimika kusema kwanza anataka umbo gani. Ukishajua amejenga nini, ndipo unachagua nyundo. Wachezaji wa bao la Kiswahili hawahitaji maelezo marefu hapa. Kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi, na hakuna anayejua mchezo yule anayesema kete ya mkononi ni kete isiyofanya kazi.

La pili ni kubadili njia. Ufunguzi wa pembeni ni kama stendi ya mabasi: kutoka pale unaweza kwenda miji mingi. Farasi f3 inamzuia mwenzako kusogeza e5 kwa raha. Baada ya hapo unaweza kuingia kwenye Gambiti ya Malkia, Katalani, Kiingereza, au ule mpangilio wa kuigeuza Hindi ya Mfalme, na katika safari hiyo umemnyima ulinzi anaoupenda. Mfano maarufu ni Reykjavik, mwaka 1972, mchezo wa sita. Bobby Fischer, mtu ambaye karibu maisha yake yote alianza na e4, alisogeza c4 mbele ya Boris Spassky. Baada ya hatua chache mchezo ukahamia Gambiti ya Malkia, mahali ambapo hakuna aliyemtarajia Fischer kuonekana. Alishinda kwa uzuri kiasi kwamba Spassky mwenyewe alijiunga na watazamaji kupiga makofi, na kwa mchezo ule Fischer akaongoza pambano kwa mara ya kwanza.

La tatu, na hili ndilo wengi wanalisahau, ni kugeuza mali ya mwenzako kuwa mzigo wake. Mwenye nyeusi akijenga d5, unampiga kwa c4. Akipanda d4, unachimba chini yake kwa b4 au e3. Askofu wa g2 anasaidia kila pigo. Unamruhusu mwenzako ajenge nyumba kubwa, halafu unamuuliza atailipiaje kodi.

Hapo ndipo neno "kunyumbulika" linapopata maana yake. Watu wengi wanadhani kunyumbulika ni kutokuwa na msimamo. Si kweli. Ni kuchelewesha uamuzi mpaka uamuzi uwe na taarifa za kutosha, kisha kuamua kwa nguvu zote. Réti hakukaa akibembeleza maaskofu wake milele. Alingoja hatua ya 16, kisha akapiga.

Najua atakayesimama hapo na kusema: hayo ni maigizo, mambo yakiwa magumu bingwa anarudi kwenye e4. Basi twende Seville, desemba 1987. Garry Kasparov na Anatoly Karpov wamefika mchezo wa 24, wa mwisho. Karpov anaongoza 12 kwa 11. Sare moja tu na Kasparov anaupoteza ubingwa. Lazima ashinde. Je, alikimbia na e4 kutafuta vita ya haraka? Alisogeza c4. Kisha farasi f3, g3, b3, maaskofu wote wawili pembeni, g2 na b2. Polepole kabisa, kana kwamba hana shida yoyote duniani.

Na ukifikiri utaona alikuwa na akili. Karpov alihitaji sare. Anayehitaji sare anapenda vipande vibadilishwe mapema na njia ziwe zile zilizokwisha kuandikwa vitabuni, ili apite kwa kumbukumbu. Kasparov akamnyima vyote viwili. Vipande vikabaki ubaoni, maswali yakaendelea kuja, na saa ikambana Karpov. Mchezo uliahirishwa, ukaendelea siku ya pili, ukaisha hatua ya 64. Pambano likawa 12 kwa 12, na bingwa akabaki na taji lake.

Mfano wa karibu zaidi ni Singapore, desemba 2024. Pambano la ubingwa kati ya Ding Liren wa China na Gukesh wa India lilikuwa limekwama katika sare nyingi. Mchezo wa 11 Gukesh akaanza na farasi f3, Ding akajibu d5, c4, Ding akapanda d4, na Gukesh papo hapo akasogeza b4. Hilo ndilo wazo la tatu nililolieleza, limetolewa kabatini baada ya karne moja likiwa halina hata vumbi. Ding alitumia muda mwingi sana kufikiri katika hatua za mwanzo, na mwishowe akafungwa. Kesho yake, akiwa nyuma na michezo ikiwa imebaki mitatu, Ding akajibu kwa c4 na akashinda. Sita kwa sita.

Ili nisionekane nauza dawa ya kutibu kila ugonjwa, niseme na upande wa pili. Mchezo wa 14, wa mwisho, Ding alianza na farasi f3 pia, akapoteza, na Gukesh akawa bingwa akiwa na miaka 18. Alipotea kwa kosa la ngome mwishoni, si kwa sababu ya ufunguzi, lakini matokeo ni matokeo. Na turudi New York 1924: Réti yule yule aliyemwangusha Capablanca alikutana na Emanuel Lasker, akampeleka malkia wake hadi a1, kwenye kona kabisa, nyuma ya askofu wa b2, ili wote wawili wachungulie mshazari mmoja. Wazo zuri la kupindukia. Lasker alijenga ngazi yake taratibu, askari c6, askofu f5, askari e6 na baadaye e5, na akashinda. Lasker ndiye aliyechukua mashindano yote kwa pointi 16 kati ya 20. Capablanca alipata 14 na nusu. Réti, mwenye mawazo yote hayo, alimaliza wa tano na pointi 10 na nusu. Alifariki Prague mwaka 1929, akiwa na miaka 40 tu.

Kwa hiyo bei ipo, na tuitaje. Bei ni nafasi. Unapongoja, mwenzako anapanda. Ukingoja hatua moja zaidi ya inavyofaa, askari wake waliokuwa shabaha wanageuka ukuta, na wewe na maaskofu wako wazuri mnabanwa kama abiria wa nyuma kwenye daladala. Waswahili walilijua hili kabla ya Réti. Walisema haraka haraka haina baraka, halafu wale wale wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Anayeikumbuka methali moja tu kati ya hizo mbili hafai kucheza ufunguzi huu. Pengine hafai kucheza ufunguzi wowote.

Nije kwenye pingamizi ninazozijua.

Wa kwanza watasema: anayeanza ajifunze kwanza michezo ya wazi, ya e4, aone mitego, aone mfalme anavyouawa, ndipo aje kwenye haya ya pembeni. Kwa miezi ya mwanzo ninakubaliana nao kabisa. Mtoto ambaye hajui kumlinda farasi wake hana haja ya kufundishwa namna ya kuficha nia. Lakini miezi ya mwanzo isiwe miaka kumi. Tatizo ninaloliona ni kwamba lile somo la kwanza linageuka kuwa somo la mwisho.

Wa pili watasema: ufunguzi huu unazaa wavivu. Kijana anajifunza kupanga farasi f3, g3, askofu g2, mfalme ndani, anapanga hivyo kila siku bila kutazama upande wa pili, kama anayepanga vyombo kabatini. Hapa nasema hivi: ni kweli wavivu hao wapo, na ninawalaumu kuliko mnavyowalaumu nyinyi. Lakini huyo hachezi ufunguzi unaonyumbulika. Huyo amekariri hatua nne badala ya kukariri hatua kumi na tano. Hatua zake ni za Réti, lakini kichwa ni cha yule yule mwanafunzi wa Tarrasch anayeamini kuna umbo moja sahihi. Maana ya kunyumbulika ni kutazama. Ukiacha kutazama, f3 yako na e4 ya mwenzako ni uvivu ule ule kwa majina mawili.

Wa tatu watasema: mbona unapiga kelele juu ya hatua ya kwanza ya mchezo, wakati watoto wetu wanapoteza michezo hatua ya 30? Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu zaidi, na jibu langu ndilo sababu ya kuandika makala hii yote.

Fikiria kijana anayejifunza sataranji katika mji wowote wa Afrika Mashariki. Ubao mmoja kwa watu wanane. Kitabu kimoja, kurasa za mwisho hazipo. Kompyuta hana, au anayo kwa saa moja kwa wiki. Anakwenda kwenye mashindano na anakutana na mwenye programu nyumbani, mwenye mwalimu wa kulipwa, aliyekariri njia za Sisilia mpaka hatua ya 20. Ukimfundisha kijana wetu kuanza na e4, umempeleka akapigane uwanjani kwa mwenye silaha. Njia zile ni kali, hatua moja ya kusahau na mfalme amekwisha. Anafungwa hatua ya 15, anarudi nyumbani akiamini hana kipaji. Kumbe hakufungwa na kichwa cha mwenzake. Kafungwa na maktaba yake.

Mpe kijana yule yule ufunguzi ambao ndani yake mawazo matatu yana uzito kuliko hatua mia tatu. Hatashinda kila mara, la hasha. Lakini atafika hatua ya 15 akiwa hai, vipande vyake vyote vipo, na kutoka hapo wote wawili watalazimika kufikiri. Hapo mapambano yanakuwa ya haki zaidi. Na akifungwa, atafungwa kwa jambo analoweza kulieleza: nilingoja mno, nilimwachia nafasi, nilipiga d4 kabla ngome yangu haijafika. Huyo anajifunza.

Tumeshaona kwamba vipaji havingoji maktaba. Phiona Mutesi alitoka Katwe, mtaa wa mabanda mjini Kampala, alikojifunza mchezo huu chini ya Robert Katende, na akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi za sataranji, Khanty-Mansiysk mwaka 2010 na Istanbul mwaka 2012. Kipaji kipo. Swali ni tunakipa chakula gani.

Na hapa jambo linavuka ubao. Sisi ni jamii inayopenda kukariri. Tunakariri madarasani, tunamwaga kwenye karatasi ya mtihani, tunasahau wiki inayofuata. Tukichukua mchezo uliobuniwa kwa ajili ya kufikiri na kuufundisha kwa kukariri, tumeuua. Bora basi tuwape vijana draft, angalau haijifanyi kitu kingine! Wale waliompinga Tarrasch hawakushinda kwa sababu e4 ni mbaya. E4 si mbaya mpaka leo. Walishinda kwa sababu walithubutu kuuliza kwa nini, mbele ya watu waliodhani maswali yamekwisha. Leo hakuna grandimasta anayecheka farasi f3. Shule mbili zile zimeoana, na mchezaji mzuri anachukua kutoka kote.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanaofundisha ni dogo tu. Mwanafunzi akishajua mitego ya kawaida na namna ya kummaliza mfalme, mwekeeni michezo miwili mezani, wa Réti na Capablanca na ule wa Réti na Lasker. Msimpe majibu. Mwulizeni: katika mchezo wa kwanza kungoja kulifaa, katika wa pili hakukufaa, tofauti iko wapi? Mwacheni abishane nanyi hata jioni nzima. Atakachokipata katika ubishi huo hakuna programu itakayomnyang'anya.

Na wewe unayecheza na jirani yako barazani, safari ijayo ukipata nyeupe, usikimbilie e4 kwa mazoea. Mtoe farasi. Mtazame mwenzako anavyokunja uso akijiuliza umekusudia nini. Kisha, na hili usilisahau, ukiona wakati umefika, usiogope kupiga katikati.

Wenye maoni tofauti, hasa wapenzi wa e4 ambao najua tayari wameshachukia, uwanja ni wenu. Nawasilisha.